Urefu wa Mkanda na Pembe ya Kiungo katika Mazoezi ya Mkazo Tuli
Katika mazoezi ya mkazo tuli, msuli hukazwa bila kiungo kusogea: mtu hukanyaga mkanda usiorefuka, akashika ncha zake na kuvuta kwa nguvu. Mwaka 1953, Hettinger na Müller wa Ujerumani walidai kuwa mkazo mmoja wa sekunde chache kila siku ulitosha kuongeza nguvu. Tafiti za baadaye zilipunguza matumaini hayo. Lenye uzito zaidi ni kwamba nguvu huongezeka hasa karibu na pembe iliyozoezwa. Anayevuta kiwiko kikiwa kimekunjwa nyuzi 90 tu asishangae akilemewa mkono ukinyooka. Kwa hiyo mkanda hufaa kuliko kusukuma ukuta: ukifupishwa au kurefushwa, pembe hubadilika papo hapo. Pumzi isizuiwe wakati wa kuvuta, kwani shinikizo la damu hupanda ghafla. Kwa mgonjwa wa moyo, hilo si jambo dogo.