Maji Yanayochukua Madini Joto

Ukishuka kutoka Tukuyu kuelekea Ziwa Nyasa, huwezi kuamini kwamba huko uendako kuna upungufu wa chakula cha aina yoyote. Migomba imesongamana, kakao imejaa vivulini, michikichi imesimama mabondeni, na mashamba ya mpunga yanatoa ule mchele wa Kyela ambao wauzaji wa Dar es Salaam huutaja kwa jina ili uuzike haraka. Hili ni bonde la Kyela, na Ndandalo ni kata yake moja. Wali, usipa, ndizi, mboga zilizoungwa kwa mawese: sahani ya huku inashibisha na inalisha.

Kinachoweza kukosekana humo hakionekani sahanini wala hakinusiki. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Mahitaji yake ya miaka 60 ukiyaweka pamoja hayajazi kijiko cha chai. Wanakemia wanakiita iodini; sisi tumezoea kukiita madini joto.

Sababu ya kukosekana kwake ndiyo ileile inayoifanya Kyela iwe Kyela: maji. Hii ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kila masika mito Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hufurika na kumwaga mashambani tope jeusi kutoka milimani. Mkulima hulipokea tope hilo kwa sababu linastawisha mpunga. Lakini madini joto huyeyuka majini kirahisi. Mvua ya maelfu ya miaka huyaosha udongoni, mito huyapeleka Ziwa Nyasa, Mto Shire huyatoa ziwani, Zambezi huyapokea, na safari huishia Bahari ya Hindi. Sehemu ndogo hupanda angani na kurudi na mvua, ila haitoshi kufidia kilichokwenda. Ndiyo maana shamba linaweza kuwa na rutuba tele na bado mazao yake yakawa na madini joto kiduchu.

Samaki nao hawafuti pengo hilo. Wengi wetu tumeambiwa tule samaki ili tupate madini joto, na ushauri huo ni mzuri kwa anayekula changu au kolekole wa baharini. Usipa na mbasa ni chakula bora kwa protini na madini mengine, lakini samaki wa maji baridi wana madini joto machache mno wakilinganishwa na wale wa bahari. Hazina kubwa iko kwenye mwani, ule ambao akina mama wa Zanzibar huulima Paje na Jambiani. Bernard Courtois, Mfaransa aliyegundua iodini mwaka 1811, aliipata kwenye majivu ya mwani, ilipofuka kama mvuke wa zambarau.

Mwili huyapeleka madini hayo kwenye tezi iliyo mbele ya koo, yenye umbo la kipepeo. Tezi huyatumia kutengeneza homoni zinazoongoza ukuaji, joto la mwili na ujenzi wa ubongo. Yakipungua, tezi huhangaika: hujitanua ili inase kila chembe inayopita kwenye damu. Uvimbe huo ndio rovu, au goita. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri huzidisha tatizo, kwa kuwa sumu yake ikivunjwa mwilini hutoa kemikali inayozuia tezi kupokea madini joto. Uhusiano huo ulichunguzwa kwa miaka mingi katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo.

Rovu huonekana, ndiyo maana watu huliogopa. Mimi naogopa zaidi lisiloonekana: mtoto anayezaliwa na ubongo ambao haukupata cha kutosha tumboni, kisha shuleni akaitwa mzito.

Katika miaka ya 1980 takriban robo ya wanafunzi waliopimwa nchini walikuwa na rovu, na Nyanda za Juu Kusini zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Serikali, kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe, ilianza mwaka 1986 kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika sana. Wachumi wakiongozwa na Erica Field waliandika mwaka 2009 kwamba watoto ambao mama zao walipata vidonge hivyo walisoma kati ya miaka 0.35 na 0.56 zaidi, wasichana wakinufaika kuliko wavulana. Watafiti wengine waliorudia hesabu hizo baadaye hawakuona athari yenye nguvu kiasi hicho. Mjadala huo ni wa haki, lakini unahusu miaka ya shule. Kwamba ubongo wa mtoto tumboni unahitaji madini joto hakuna anayebisha.

Vidonge vilikuwa vya kuvukia tu. Dawa ya kudumu ni chumvi iliyotiwa madini joto, kwa sababu kila nyumba hutumia chumvi na inazalishwa sehemu chache. Uswisi ilianza mwaka 1922. Tanzania iliweka sheria katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, na mwaka 2004 uchunguzi wa kitaifa ulikuta rovu limeshuka hadi takriban asilimia 7 ya wanafunzi, huku kaya zaidi ya 80 katika kila 100 zikiwa na chumvi yenye madini joto. Ni ushindi mkubwa wa afya ya jamii ambao hausherehekewi inavyostahili.

Watu wengi wanadhani chumvi ya bahari ina madini joto kwa asili yake. Inayo kidogo sana. Lazima yanyunyiziwe kiwandani. Mzalishaji mdogo wa chumvi ya jua Lindi au Mtwara asipokuwa na mashine wala kemikali, chumvi yake hupanda gari ikiwa tupu na kufika huku ikiwa tupu.

Tena hata iliyotiwa vizuri inaweza kufika jikoni imepungua. Tazama chumvi ya mawe dukani wakati wa masika: mfuko umefunguliwa mdomo, punje zimetota, na chini yake sakafuni kuna kidimbwi. Kile kidimbwi ndicho kilichobeba sehemu ya madini joto. Maji yaliyoyaosha shambani yameyafuata hadi dukani.

Kuna kipimo rahisi ambacho maofisa afya hukitumia. Unachukua chumvi kiasi cha kijiko, unadondosha tone moja la dawa yenye wanga, unangoja sekunde chache. Ikigeuka rangi ya zambarau iliyoelekea bluu, madini joto yamo. Ikibaki nyeupe, mwenye duka anayo kazi ya kumuuliza aliyemuuzia. Ningependa kila shule ya msingi ya Kyela iwe na kichupa hicho, na watoto waje na chumvi ya kwao kwenye karatasi.

Nyumbani mambo ni machache. Nunua ya paketi iliyofungwa, imimine kwenye kopo lenye mfuniko, liweke mbali na moshi na mvuke wa jiko, na uitie chumvi mboga ikikaribia kuiva. Si lazima kuongeza kiasi: gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, zikiwa na miligramu 30 kwa kilo, zinatoa zile mikrogramu 150. Mwenye presha hana sababu ya kuikimbia paketi kwa hofu kwamba atalazimika kula chumvi nyingi.

Mjamzito anahitaji zaidi, mikrogramu 250. Mtoto aliye tumboni hana tezi inayofanya kazi katika takriban wiki 12 za mwanzo, kwa hiyo hutumia homoni za mama yake tu. Katika wiki hizo mama wengi hawajafika kliniki, na wapo ambao hawajajua kwamba ni wajawazito. Kilichokwisha kumfikia mtoto ni chumvi iliyo kwenye kopo la jikoni.