Msafara wa Kupanda Mlima: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kulipa, Kuanzia Hanang Hadi Kilimanjaro

Kila mwaka inapokaribia Desemba 9, matangazo ya misafara ya kupanda Mlima Kilimanjaro huongezeka. Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA) pamoja na wadau wake huwaalika wananchi kuadhimisha Uhuru wakiwa kileleni, kwa kumbukumbu ya Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipofikisha bendera ya Taifa na Mwenge wa Uhuru juu ya mlima huo. Upo pia msafara wa Kili Challenge, ulioanzishwa mwaka 2002 kupitia Mgodi wa Dhahabu wa Geita kwa ajili ya kuchangia mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI, ambao umewapandisha watumishi, wanafunzi na wafanyabiashara wasiokuwa na historia yoyote ya kupanda milima.

Mkazi wa Endagikot, wilayani Mbulu, anaposoma tangazo la namna hiyo, jambo la kwanza analolitazama ni gharama na la pili ni tarehe ya kuondoka. Yote mawili ni ya msingi. Hata hivyo, yapo maswali mawili yenye uzito zaidi, na kwa kawaida hayaandikwi kwenye tangazo: msafara umetenga siku ngapi za kuwa mlimani, na nani atakuwa na kauli ya mwisho iwapo mpandaji atatakiwa kurudi kabla ya kufika kileleni?

Umuhimu wa swali la siku unatokana na namna mwili unavyofanya kazi. Hewa ya kileleni Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ina sehemu ileile ya oksijeni, takribani asilimia 21, iliyopo katika hewa ya Endagikot au ya Dar es Salaam. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Katika kimo hicho mgandamizo hubaki takribani nusu ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi huingiza mwilini oksijeni iliyo karibu na nusu ya ile iliyozoeleka. Mwili unao uwezo wa kukabiliana na upungufu huo: hupumua kwa kasi zaidi, moyo huongeza mapigo, na baada ya siku kadhaa damu hubadilika ili kubeba oksijeni kwa ufanisi. Lakini mabadiliko hayo huhitaji muda, na hakuna mazoezi ya viungo yanayoweza kuchukua nafasi ya muda huo. Kijana anayekimbia kilomita 20 kila asubuhi anaweza kuugua mahali ambapo mzee anayetembea taratibu anapita salama.

Wakazi wa nyanda za juu za Mbulu wana nafuu ndogo kwa kuwa wamezoea kuishi kwenye mwinuko kuliko watu wa pwani. Nafuu hiyo huonekana katika siku ya kwanza na ya pili. Haimkingi mtu anapovuka mita 4,000.

Ushauri unaokubalika miongoni mwa wataalamu wa tiba ya milimani ni kwamba mtu akishavuka mita 3,000, kimo cha mahali anapolala kisiongezeke kwa zaidi ya mita 500 kila usiku, na baada ya siku tatu au nne apate siku moja ya kupumzika bila kupanda. Ushauri huo ukilinganishwa na njia ya Marangu, hesabu yake inajieleza. Lango la Marangu lipo kwenye kimo cha takribani mita 1,870. Usiku wa kwanza wapandaji hulala Mandara, mita 2,720. Usiku wa pili hulala Horombo, mita 3,720, na wa tatu Kibo, karibu mita 4,720. Usiku huohuo wa tatu, karibu saa sita, huamshwa na kuanza safari ya kileleni yenye mita nyingine zaidi ya 1,100. Kwa ratiba ya siku tano, mtu aliyeondoka langoni asubuhi anatarajiwa kuwa kileleni baada ya takribani siku tatu tu, akiwa amepanda mara mbili ya kasi inayoshauriwa.

Ndiyo sababu ratiba ya siku sita katika njia hiyohiyo, yenye usiku wa pili Horombo, ina thamani kubwa kuliko tofauti ya bei yake. Njia za Machame na Lemosho ni ndefu zaidi na zina faida nyingine: wapandaji hupita karibu na mnara wa miamba unaojulikana kama Lava Tower, kwenye mita zipatazo 4,600, kisha hushuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Kwa lugha ya waongozaji, hiyo ni kupanda juu na kulala chini. Msafara unaotangaza bei nafuu kwa kupunguza siku moja umepunguza kitu ambacho mpandaji hawezi kukinunua tena akiwa mlimani.

Dalili za awali za maradhi ya mwinuko ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu na usingizi wa kukatika. Wapandaji wengi hupata baadhi ya dalili hizo, na mara nyingi hutulia kwa kupumzika na kunywa maji bila kuongeza kimo. Hatari huanza pale maji yanapojikusanya kwenye mapafu au ubongo unapovimba. Mgonjwa wa mapafu huhema hata akiwa ameketi na hukohoa povu. Mgonjwa wa ubongo huchanganyikiwa, huongea yasiyoeleweka na hushindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka. Hali hizo huua, na huweza kuua katika muda wa saa chache. Oksijeni na dawa husaidia kununua muda. Tiba ni kushuka, hata kama ni usiku, hata kama kilele kinaonekana.

Hapo ndipo nafasi ya mwongozaji inapojulikana. Kanuni za Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro haziruhusu mtu kupanda bila mwongozaji aliyesajiliwa, na wapo wanaodhani kwamba kazi yake ni kuonesha njia. Njia za Kilimanjaro zinaonekana wazi; kwa siku yenye hali ya hewa nzuri ni vigumu kupotea. Kazi yake hasa ni kuweka mwendo, ule wa “pole pole” unaosikika mlima mzima, kuwatazama watu wanavyokula na kuzungumza, kupima kiwango cha oksijeni katika damu kwa kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, na kumwambia mtu aliyelipa fedha zake zote kwamba safari yake imeishia hapo.

Kauli hiyo ni ngumu kuipokea mahali kama Mbulu. Hapa ndipo alipozaliwa John Stephen Akhwari, mwanariadha ambaye mwaka 1968 katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City alianguka na kuumia goti katikati ya mbio za marathoni, akafungwa bandeji na kuingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Heshima aliyoiletea nchi ni ya kumaliza. Lakini goti lililoumia halimzuii mtu kufikiri, wakati ubongo uliokosa oksijeni humfanya mgonjwa aamini kwamba yuko salama. Mtu wa namna hiyo hawezi kuachiwa uamuzi wake mwenyewe, na akiachiwa huwaweka hatarini wapagazi watakaolazimika kumbeba. Ni vyema kila mshiriki akubali kabla ya safari, ikiwezekana kwa maandishi, kwamba neno la mwongozaji mkuu halijadiliwi.

Kwa upande wa taratibu, kampuni inayopandisha watu mlimani inapaswa kuwa na leseni ya biashara ya utalii inayofahamika kama TALA, inayotolewa chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 imeitenga shughuli ya kupandisha watu milimani kwa ajili ya Watanzania, kwa hiyo hakuna sababu ya kampuni kuficha leseni yake mteja anapoomba kuiona. Ada za hifadhi kwa raia wa Tanzania hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo ya zile wanazotozwa wageni. Malipo ya Serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo. Mtu anayetaka ada ya hifadhi itumwe kwenye simu yake binafsi aulizwe maswali zaidi.

Bei iliyo chini kupita kiasi ina mahali inapolipiwa, na mara nyingi ni mgongoni mwa mpagazi. Mzigo wa mpagazi Kilimanjaro haupaswi kuzidi kilo 20 na hupimwa langoni. Mshiriki ana haki ya kuuliza wapagazi wanalipwa kiasi gani, wanalala wapi na wanakula mara ngapi kwa siku. Wengi wao ni vijana wa vijiji vinavyouzunguka mlima, na baridi ya usiku kwenye kambi za juu, inayoshuka chini ya sifuri, haitofautishi kati ya mteja na anayembebea mzigo.

Uchunguzi wa afya ufanyike wiki kadhaa kabla ya safari. Mwenye maradhi ya moyo, mapafu, shinikizo la damu lisilodhibitiwa au mjamzito amwone daktari kabla ya kulipa chochote. Lipo jambo moja linalosahaulika: selimundu. Mgonjwa wa selimundu hapaswi kwenda kwenye mwinuko mkubwa, na hata mtu mwenye vinasaba vya selimundu asiyeugua anaweza kupata madhara ya bandama oksijeni inapopungua. Kipimo chake ni cha damu, na ni busara kukifanya nyumbani badala ya kugundua hali hiyo Horombo.

Kwa wakazi wa Mbulu na Hanang lipo jaribio la karibu. Mlima Hanang, wenye takribani mita 3,420, ni wa nne kwa urefu nchini, na msitu wake ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kutoka Endagikot msafiri hupitia Babati hadi Katesh, ambako hupata kibali na mwongozaji. Njia inayotumiwa zaidi huanzia upande wa Jorodom. Ni safari ya siku nzima kwa mwenye nguvu, au ya siku mbili kwa anayetaka kulala njiani, na ina zaidi ya mita 1,500 za kwenda juu. Maji yabebwe kutoka chini. Sehemu inayowachosha wengi ni ya mwisho, kwani aliyedhani amefika hugundua kwamba kilele chenyewe kipo mbele zaidi, kwenye mgongo mrefu wa mlima.

Isieleweke kwamba aliyefika kilele cha Hanang amethibitisha kuwa ataiweza Kilimanjaro. Kilele hicho kiko chini ya vibanda vya Horombo. Kinachopimwa Hanang ni viatu, magoti, begi, unywaji wa maji na, zaidi ya yote, tabia ya mtu akichoka. Kikundi kinachogombana Hanang kitagombana Kibo.

Mlima huo una historia ya karibuni inayodai tahadhari. Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, maporomoko ya tope, mawe na magogo yaliteremka kutoka Hanang na kuukumba mji mdogo wa Katesh na vijiji jirani, yakasababisha vifo vya watu zaidi ya 80. Uchunguzi wa wataalamu wa Serikali ulibaini kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji na kumeguka. Hapakuwa na mlipuko wa volkano. Kwa sababu hiyo, miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndiyo inayofaa kwa Hanang, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ufuatiliwe hadi asubuhi ya safari. Anayekusudia kupanda Kilimanjaro katika msafara wa Uhuru wa Desemba, ambao huangukia majira ya mvua, ana muda wa kutosha wa kwenda Hanang kabla ya Oktoba kwisha.

Wapo watakaotamani kwenda mbali zaidi. Mei 2012, Wilfred Moshi, aliyekuwa amefanya kazi ya upagazi na kuongoza watu Kilimanjaro, alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika kilele cha Everest. Kati ya Kilimanjaro na Everest ipo ngazi ambayo kampuni nyingi huitangaza: vilele vya Nepal kama Island Peak, wenye mita 6,189, na Mera, wenye mita 6,476. Nchini humo huwekwa kwenye kundi la vilele vya matembezi, na kibali chake hutolewa na chama cha wapanda milima cha nchi hiyo badala ya wizara. Jina hilo lisimdanganye mtu. Kilimanjaro hupandwa kwa miguu na fimbo. Island Peak hudai kamba, sururu ya barafu na vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya viatu, na mpandaji huvitumia kwenye ukuta wa barafu akiwa juu ya mita 5,800. Tangu Aprili 2023, Nepal pia inawataka wageni wanaotembea katika milima yake kuwa na mwongozaji mwenye leseni. Misafara ya kwenda huko kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi tatu, na sehemu kubwa ya siku hizo haitumiki kupanda. Hutumika kuusubiri mwili.