Anga la Usiku Wakati Miji Ilipofungwa

Taa za mjini hazimuliki ardhi peke yake. Sehemu ya mwanga wake hupotelea juu, ikagonga vumbi, moshi na matone ya maji yaliyo hewani, kisha ikatawanyika na kurudi chini kama utando mweupe uliotanda juu ya mji mzima. Utando huo ndio unaozimeza nyota, na ni sura mojawapo ya kile kinachoitwa uchafuzi wa mwanga. Ramani ya dunia iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha kuwa watu 83 kati ya kila 100 wanaishi chini ya anga la namna hiyo, na theluthi moja ya wanadamu hawaioni tena Njia ya Maziwa kutoka nyumbani kwao.

Mwaka 2020, korona ilipozifunga nchi moja baada ya nyingine, ingedhaniwa kwamba giza lingerudi mijini. Halikurudi kwa kiasi hicho. Ni kweli kwamba picha za setilaiti za Wuhan, mji uliofungwa kuanzia Januari 23 hadi Aprili 8, zilionyesha barabara kuu na maeneo ya biashara yamefifia. Lakini katika miji mingi taa za barabarani ziliendelea kuwaka kama kawaida. Huwashwa na saa au vitambuzi vya mwanga, navyo havijui kama barabarani kuna mtu au hakuna. Isitoshe, taa hizo ni za usalama. Si bure kwamba jijini Nairobi taa za milingoti mirefu zimepewa jina la "mulika mwizi".

Badiliko kubwa zaidi lilionekana hewani. Mjini Berlin, mwezi Machi 2020, watafiti walipima mwangaza wa anga kutoka chini na kuulinganisha na vipimo vya miaka ya nyuma. Katikati ya mji, anga la utosini lilikuwa limepungua mwangaza kwa asilimia 20 hivi. Umbali wa kilomita 58 kutoka hapo, lilikuwa limepungua kwa zaidi ya asilimia 50, ingawa setilaiti haikuonyesha kwamba taa za mji zimezimwa. Watafiti walieleza kuwa magari na ndege vilikuwa vimepungua, na moshi wake nao ukapungua. Tofauti ile kati ya mjini na shambani inaeleweka mtu akifikiria safari ya mwanga: unaokwenda mbali hupita katika hewa nyingi zaidi, hukutana na chembe nyingi zaidi, na kwa hiyo usafi wa hewa huonekana zaidi kule mwisho wa safari.

Granada, nchini Hispania, ilitoa ushahidi unaofanana na huo. Huko mwanga uliotoka mjini ulipungua, na chembe za vumbi na moshi zilipungua pia. Vipimo vilionyesha kwamba kadiri hewa ilivyokuwa chafu, ndivyo anga la usiku lilivyong'aa. Kwa hiyo moshi wa magari si adui wa mapafu tu; ni adui wa nyota pia, na jambo hili linastahili kusemwa mara nyingi kuliko linavyosemwa.

Setilaiti nazo zina upungufu wake. Ile inayotegemewa zaidi kupima taa za dunia hupita saa saba na nusu usiku, wakati maduka na viwanja vya michezo vimekwisha kuzima taa. Mabadiliko ya saa mbili au saa tatu usiku huipita bila kuonekana, na ndiyo maana vipimo vya kutoka chini vilikuwa na thamani kubwa sana mwaka ule.

Nafuu ile haikudumu, kwa sababu magari yalirudi barabarani na moshi ukarudi nayo. Utafiti uliotolewa mwaka 2023, uliotumia taarifa zaidi ya 51,000 za watu wa kawaida waliotazama nyota kwa macho, wengi wao Ulaya na Amerika Kaskazini, ulikuta kwamba kati ya 2011 na 2022 anga la usiku liliongezeka mwangaza kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Kwa kasi hiyo, mtoto anayezaliwa mahali panapoonekana nyota 250 atakuta zimebaki 100 tu afikapo miaka 18.