Masizi ya Injini Husema: Yasikilize Kabla ya Kuyaosha

Ndugu msomaji, kama una gari lililokwisha kula miaka, nalo kazi yake ni katikati ya Dar es Salaam, habari hii yakuhusu. Pengine ni teksi ya pale Posta, pengine ni pikapu ya kubebea mizigo ya duka Kariakoo, au ni gari la nyumbani la kuwapeleka watoto shuleni. Siku moja waona halina nguvu kama zamani. Asubuhi lawaka kwa shida. Likisimama kwenye taa, silensa yapanda na kushuka. Petroli yakwisha upesi, na ukikanyaga mafuta injini yagonga kama kokoto ndani ya kopo. Fundi afungua plagi moja, aiona nyeusi, asema, "Injini imejaa kaboni." Hapo utaambiwa moja katika mawili: ama injini ioshwe, ama uende Gerezani ukanunue nyingine iliyotoka Japani.

Usiharakishe kutoa fedha. Masizi yale ni shahidi. Ukiyaosha kabla ya kuyauliza, umemfukuza shahidi, na ugonjwa umebaki palepale.

Masizi hutoka wapi?

Mama apikaye kwa kuni anajua jibu. Kuni mbichi, au jiko lisilopata hewa, hutoa moshi na kuitia sufuria weusi. Injini ni vivyo hivyo. Petroli ya uzani wa kilo 1 yahitaji hewa ya karibu kilo 15 ili iungue vizuri. Hewa ikipungua, au petroli ikizidi, au oili ikipenya mahali isipotakiwa, mabaki hugandamana juu ya pistoni, kwenye valvu na kwenye plagi.

Tena mwendo wa mjini wenyewe huzidisha jambo hili. Plagi hujisafisha yenyewe, lakini sharti ncha yake ifike joto la digrii 450 hivi. Gari litokalo Posta kwenda Kariakoo husafiri kilometa mbili au tatu tu, nusu ya muda limesimama katika foleni. Linazimwa kabla halijapata moto, kisha lawashwa tena. Fanya hivyo mara kumi kwa siku, mwaka mzima, na masizi hayana budi kujaa.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Magari mengi mjini yametolewa thamostati, kwa kudhani kuwa injini itapoa vizuri zaidi katika joto la pwani. Kweli itapoa, tena mno. Injini nyingi hufanya kazi vema maji yake yakiwa na digrii 80 hadi 90. Yakibaki chini ya hapo, kompyuta ya gari hudhani injini ndiyo kwanza inaamka, nayo huendelea kuiongezea petroli. Basi kama gari lako lilitolewa thamostati, rudisha hiyo kwanza. Na kama lilitolewa kwa sababu lilikuwa likichemka, tafuta kilicholichemsha: rejeta iliyoziba, feni, au pampu ya maji.

Namna ya kuwasoma mashahidi

Ngoja injini ipoe kabisa, maana kufungua plagi injini ikiwa ya moto kwaweza kuharibu nyuzi za hedi. Toa plagi zote, uzipange mezani kwa utaratibu wa silinda zake, ya kwanza mpaka ya mwisho. Kisha tazama.

Plagi ya rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya injini yenye afya. Usiiguse zaidi.

Plagi nyeusi, kavu, yenye vumbi kama masizi ya jikoni, yasema petroli imezidi hewa. Anza na kitu rahisi: chujio la hewa. Kisha tazama thamostati, nozeli zinazovuja, na vipima hewa na joto. Katika gari la zamani zaidi, tazama kabureta. Mara nyingi moshi mweusi bombani huthibitisha habari hiyo.

Plagi nyeusi iliyolowa oili yasema oili yaingia silinda. Hapa tazama moshi wa buluu. Ukitoka asubuhi unapowasha kisha ukaisha, shuku mipira midogo ya valvu, ambayo mafundi huiita sili. Ukitoka kila ukanyagapo mafuta, shuku ringi za pistoni. Mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda, kisha atie oili kidogo katika ile iliyo dhaifu na kupima tena. Kipimo kikipanda sana, ringi zimechoka. Kisipopanda, shida i kwenye valvu au gasketi.

Na kama plagi moja tu ni nyeusi na wenzake ni wazima, usilaumu injini nzima. Tazama koili, waya au nozeli ya silinda ile moja.

Kuosha kwenyewe

Ukiisha kujua chanzo na kukitengeneza, sasa osha. Mlango wa kupitishia hewa huoshwa injini ikiwa imezimwa, kwa kitambaa kilicholowa dawa yake. Mlango unaoendeshwa kwa umeme usiusukume kwa vidole. Baada ya kuosha, silensa yaweza kuwa juu kidogo, kwa kuwa kompyuta ilikwisha kuzoea mlango mchafu. Gari nyingine huhitaji kufundishwa upya kwa mashine.

Plagi zenye ncha nyembamba ya iridiamu zisipigwe brashi ya waya. Juu ya pistoni na ndani ya hedi ya alumini, tumia kijiti cha mbao au plastiki, si bisibisi. Wala usichovye alumini katika kostiki soda, huila.

Kuhusu dawa za kumimina katika tangi, yafaa ujue hili. Katika injini za kawaida, petroli hupita nyuma ya valvu za kuingizia hewa na kuziosha. Lakini injini kama GDI ya Mitsubishi, iliyotoka mwaka 1996, na D-4 ya Toyota, humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Dawa ya tangi haizifikii valvu hizo kamwe. Hapo dawa ni kufungua njia ya hewa na kukwangua kwa mkono, valvu zikiwa zimefungwa.

Jihadhari. Usioshe vyuma kwa petroli. Mvuke wake hutambaa chini na kushika moto hata kwa cheche ndogo iliyo mbali. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, maana moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo huua. Watoto wakae mbali, na oili chafu usiimwage mtaroni.

Mwisho, msomaji, fundi mwema si yule anayefungua injini upesi. Ni yule anayekuonyesha plagi zako na kukueleza kila moja yasema nini, kabla ya kukutajia bei. Mwombe akuonyeshe. Chujio la hewa na thamostati ni vitu vya bei ndogo ukilinganisha na injini nzima, na tofauti ya fedha hizo yaweza kuwa ada ya mtoto au kodi ya nyumba. Tena ikiwa ringi zimechoka kweli, utalijua hilo mapema, nawe hutatupa fedha katika kuosha kitu ambacho kitachafuka tena mwezi ujao.