Mabomba ya maji: Umri pekee si kipimo cha hatari

WAWEKEZAJI wadogo wamezoea kuuliza maswali mawili kabla ya kutoa fedha zao: riba ni kiasi gani, na mtaji utarudi lini. Anayetaka kuikopesha mamlaka ya maji anapaswa kuongeza swali la tatu: mabomba yaliyofukiwa ardhini yana hali gani?

Swali hilo si la wahandisi peke yao tena. Februari 2024, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga (Tanga UWASA) ilitoa hati fungani ya kijani ya Sh 53.12 bilioni, ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Mwaka huohuo hati hiyo iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba hata mwenye duka anaweza kuwa mdai wa mamlaka ya maji. Mamlaka ya aina hiyo hupata fedha kwa kuuza maji, na maji yaliyomwagika barabarani hayapiti kwenye mita ya mteja.

Wengi wakitaka kujua hali ya bomba huuliza umri wake. Ni kipimo rahisi, lakini hudanganya. Jijini London yapo mabomba ya chuma yaliyolazwa zaidi ya miaka 100 iliyopita ambayo bado yanapitisha maji. Kwa upande mwingine, jiji la Calgary, Kanada, lina bomba kuu la zege lililojengwa mwaka 1975 na kutarajiwa kudumu kwa miaka 100. Lilipasuka Juni 5, 2024, kabla halijatimiza hata nusu ya umri huo. Bomba hilo lilikuwa likibeba takriban asilimia 60 ya maji ya jiji. Wakazi walitakiwa kubana matumizi kwa wiki kadhaa. Mafundi walipolikagua kwa ndani walikuta sehemu nyingine zilizokuwa karibu kuachia. Desemba 30, 2025 bomba hilohilo lilipasuka tena.

Kilichoangusha bomba la Calgary si miaka. Uchunguzi wa mpasuko wa kwanza ulitaja nyufa ndogo katika saruji ya nje, chumvi ya kloridi katika udongo, na kukatika kwa waya za chuma zinazolikaza bomba hilo. Kwa macho ya mpita njia barabara ilikuwa salama.

Mambo makubwa ya kutazama ni manne. Kwanza ni aina ya bomba: chuma huliwa na kutu, bomba la asbesto hulainika taratibu, na la plastiki huponzwa zaidi na maungio mabovu. Pili ni udongo. Udongo wa chumvichumvi hula chuma, na mfinyanzi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi huvunja bomba kama kijiti. Tatu ni presha ya maji. Mgao, ambao wasomaji wetu wanaufahamu vizuri, huumiza mabomba: yakikauka na kufunguliwa ghafla, hewa na maji hugonga kuta kwa nguvu. Nne ni historia. Bomba lililokwisha kupasuka mara tatu lina uwezekano mkubwa wa kupasuka mara ya nne kuliko jirani yake wa umri uleule ambalo halijawahi kuguswa na fundi.

Hata hivyo, uwezekano wa kupasuka ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni hasara itakayotokea. Tuchukue mfano wa kufikirika. Bomba la mtaani hupasuka mara 4 kwa mwaka, na kila mara hugharimu Sh 2 milioni. Jumla ni Sh 8 milioni. Bomba kuu halijawahi kupasuka, na uwezekano wa kupasuka mwaka huu ni 1 kati ya 50. Lakini likipasuka, matengenezo, fidia na mauzo yaliyopotea vitafika Sh 2 bilioni. Gawanya kwa 50, unapata Sh 40 milioni. Bomba lililo kimya lina hatari mara tano ya lile linalolalamikiwa kila mwezi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hati ya mamlaka yoyote ya maji, soma waraka wake wa matarajio ukitafuta majibu haya. Mabomba hupasuka mara ngapi kwa kila kilomita 100, na idadi hiyo inapanda au inashuka? Ni asilimia ngapi ya maji hupotea kabla ya kulipiwa? Takwimu za upotevu zimo katika ripoti ambayo EWURA huichapisha kila mwaka. Ni bomba gani kuu lisilo na njia mbadala? Na kilomita ngapi hubadilishwa kwa mwaka? Mamlaka yenye mtandao wa kilomita 1,000 inayobadilisha kilomita 5 kwa mwaka itahitaji miaka 200 kuumaliza. Hakuna bomba linalopaswa kutegemewa kwa muda huo.

Mfanyabiashara asiye na hati fungani naye ana hesabu yake. Mwenye hoteli, saluni au mgahawa ajiulize siku tatu bila maji zitamgharimu mauzo kiasi gani, kisha alinganishe na bei ya tangi la akiba. Mara nyingi tangi litaonekana rahisi.

Riba kubwa ni malipo ya kubeba hatari. Mwekezaji asiyejua hatari iliyofukiwa ardhini hawezi kujua kama amelipwa vya kutosha.