Nauli ya DJ, Kitanda cha Mpiga Picha: Nani Analipa Harusi Ikiwa Mbali?

Kamati imekaa, bajeti imesomwa. Hema na viti, sawa. Keki, sawa. Mapambo, sawa. Kisha siku tatu kabla ya harusi simu ya mweka hazina inalia: "Na sisi tutalala wapi?" Ni mpiga picha, anatoka Nairobi, na harusi iko Molo. Hakuna aliyefikiria kitanda chake.

Kama umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi huku Nakuru, Njoro, Gilgil, Eldama Ravine au Nyahururu, unajua hii si hadithi. Watu wetu wanafanya kazi mjini lakini wanaoana nyumbani. Kwa hivyo mavenda nao wanasafiri: DJ, emsii, mpambaji, wapishi, dada wa make-up, fundi wa keki. Bei waliyokupa mara nyingi ni ya kazi tu. Safari, malazi na chakula ni hesabu nyingine, na isipoandikwa mapema huja kukudai wakati pesa zimeisha.

Hebu tuipange pamoja.

Kwanza, swali la haki: nani anafaa kulipa?

Desturi ya kawaida ni hii: venda akifanya kazi katika mji wake, usafiri ni wake. Ukimtoa nje ya mji wake, gharama ya kumfikisha na kumrudisha ni ya mwenye harusi, isipokuwa mmekubaliana vingine. Malazi yanaingia kazi ikianza asubuhi sana au ikiisha usiku.

Dada wa make-up anayetakiwa kumshika bibi harusi saa kumi na moja alfajiri Molo hawezi kutoka Nairobi siku hiyo hiyo. Ni zaidi ya kilomita 200. Lazima alale hapo karibu, na Molo usiku ni baridi ya kweli; usimwambie mtu atajikunja kwenye gari.

Kwa DJ na mpiga picha, shida ni usiku wa baada ya sherehe. Wamesimama tangu asubuhi, wamekula wakiwa wamesimama, na sasa unataka washike barabara saa nne usiku. Kila mtu wa huku anajua majina ya Sachangwan, Salgaa na makutano ya Londiani, na anajua kwa nini yanatajwa kwa sauti ya chini. Ndani ya gari hilo kuna watoto wa watu, na pia kuna picha zote za harusi yako. Kitanda cha usiku mmoja si anasa.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Harusi ni Jumamosi, Molo. Mpiga picha na msaidizi wake wanatoka Nairobi Ijumaa kwa gari lao na kurudi Jumapili. Bei hapa ni za mfano tu, weka zako.

- Mafuta: safari ya kwenda na kurudi pamoja na mizunguko ya hapa na pale, kilomita 450. Gari linakula lita moja kwa kilomita 10, hivyo lita 45. Lita ikiwa shilingi 185, ni shilingi 8,325.
- Malazi: chumba kimoja cha vitanda viwili, shilingi 3,000 kwa usiku, siku mbili. Ni shilingi 6,000.
- Chakula cha njiani na cha jioni ya Ijumaa, watu wawili: shilingi 1,500.

Jumla ni shilingi 15,825. Sasa fikiria una timu nne za namna hiyo kutoka Nairobi: shilingi 63,300. Hiyo si pesa ya "tutaona mbele".

Linganisha na timu inayotoka Nakuru mjini. Kwenda Molo na kurudi ni kama kilomita 100, lita 10, shilingi 1,850, na kila mtu analala kwake. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, na vipaji havikosekani. Hatusemi umwache mpiga picha wako unayempenda. Tunasema umwite ukijua bei yake kamili: kazi pamoja na safari.

Njia tatu za kulipa

*1. Kiasi kimoja cha jumla.* Mnakubaliana, tuseme, shilingi 15,000 ya safari na malazi, na venda anajipanga mwenyewe. Ni rahisi, na kamati haipigiwi simu usiku. Ubaya wake: akiamua kuokoa pesa kwa kulala kwenye gari, atafika amechoka na wewe ndiye utakayeona kwenye picha.

*2. Kulipa moja kwa moja.* Kamati inalipa gesti kwa Till au Paybill yao, na nauli au mafuta inatumwa kando. Hapa unajua kila shilingi imeenda wapi. Timu kadhaa zikilala mahali pamoja, unaweza kuomba wapunguziwe bei. Kwa harusi kubwa, hii ndiyo tunayoipendekeza.

*3. Kurudishia kwa risiti.* Venda anatumia pesa yake, anakuletea risiti na meseji za malipo, unamrudishia. Ni sawa kwa watu mnaoaminiana, lakini wekeni kikomo. "Tutarudisha hadi shilingi 12,000" ni maneno machache yanayozuia ugomvi mkubwa.

Ile stori ya "kula fare"

Wakenya tumecheka sana na utani wa mtu aliyetumiwa nauli akazima simu. Kwenye harusi haichekeshi. Usitume pesa yote mara moja. Arbuni ya kazi ilipwe wakati wa kuweka tarehe. Mafuta au nauli itumwe siku moja au mbili kabla ya safari. Malazi yalipwe kwa gesti yenyewe, si kwa mtu. Salio la kazi lilipwe kama mkataba unavyosema.

Kabla ya kubonyeza tuma, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama ulikubaliana na mwenye biashara na jina linaloonekana ni la mtu usiyemjua, simama. Ukipata meseji kwamba "nambari ya DJ imebadilika, tuma nauli kwa hii", mpigie DJ kwa ile nambari ya zamani, usikie sauti yake. Dakika mbili tu.

Kumbuka pia kwamba huduma ya kurudisha muamala ni ya pesa iliyoenda kwa nambari isiyo sahihi. Haikuwekwa ili kuamua ugomvi kati yako na venda aliyechelewa. Huo unaamuliwa na makubaliano yenu, ndiyo maana yawe ya maandishi, hata kama ni WhatsApp.

Na ya kutoa, je?

Ukimtumia mtu nauli anayohitaji mkononi, mjumlishie na ya kutoa, ama mwambie wazi haimo. Makato huwa yanapanda kwa ngazi, kwa hivyo kutuma mara tano kidogo kidogo kwa kawaida kunakula zaidi ya kutuma mara moja. Angalia orodha ya makato kwenye programu kabla ya kugawa pesa.

Usisahau vikomo. Muamala mmoja ni hadi shilingi 250,000, na kwa siku nzima ni shilingi 500,000. Kamati inayongoja Ijumaa jioni ilipe hema, chakula, mapambo na malazi yote kwa simu moja inaweza kukwama katikati. Anza kulipa mapema wiki hiyo.

Tena, pesa ya harusi isikae pamoja na ya mboga na karo. Tumia laini au akaunti ya kando, na kila malipo yakipita, mweka hazina aweke meseji ya uthibitisho kwenye grupu ya kamati.

Tarehe za kuangalia Rift Valley

- *Mbio za magari Naivasha.* Safari Rally ilirudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021 na makao yake ni Naivasha. Wikendi hiyo vyumba vinajaa kuanzia Naivasha hadi Nakuru na bei hupaa. Hakikisha tarehe ya mwaka huo kabla ya kuchapisha kadi.
- *Desemba.* Nauli za matatu hupanda na barabara ya Nairobi hadi Nakuru hujaa. Timu ya Nairobi isafiri Ijumaa asubuhi, si jioni.
- *Tarehe 14 ya kila mwezi.* EPRA hutangaza bei mpya za mafuta. Kama mlipatana Januari na harusi ni Agosti, andikeni kwamba mafuta yatahesabiwa kwa bei ya mwezi wa safari.

Meseji ya kunakili

Mtumie kila venda anayetoka nje, kabla ya arbuni:

"Habari yako. Tunathibitisha kazi ya tarehe ___ hapa ___. Mtakuja watu wangapi, na kwa usafiri gani? Kamati italipa mafuta/nauli shilingi ___, itakayotumwa tarehe ___ kwa nambari hii. Malazi ya usiku ___ tutalipa sisi kwa gesti. Chakula cha siku ya harusi kipo. Tarehe ikibadilika, gharama ya chumba itabebwa na ___. Tafadhali jibu 'nimekubali'."

Jaza mapengo, tuma, ngoja jibu. Akijibu, ongeza mstari mmoja kwenye bajeti ya kamati: *usafiri na malazi ya mavenda*. Uongeze leo, kabla ya mkutano ujao, wakati bado kuna watu wa kuchangia.