Mzee wa kayaki aliyefia Kilimanjaro: Mechi ya siku 99 bila sub

KAMA wewe ni mtu wa soka, Februari 23, 2021 unaikumbuka bila hata kufungua simu. Simba walikuwa Uwanja wa Benjamin Mkapa wakicheza na Al Ahly, bingwa mtetezi wa Afrika. Luis Miquissone akaachia shuti moja la mbali, ubao ukasoma 1-0, na Dar es Salaam haikulala.

Sasa turudi nyuma siku moja tu. Februari 22, wakati mabishano ya mechi yamepamba moto kila kijiwe, kuna mzee mmoja wa miaka 74, ndevu nyeupe mpaka kifuani, alikuwa anamalizia hatua za mwisho kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Taarifa zilizotolewa wakati ule zilieleza kwamba alifika vizuri, akawaomba waongozaji wake apumzike kidogo kabla ya kupiga picha. Akaketi kwenye jiwe. Hakuinuka tena.

Mimi nilikuwa bado chuoni nasomea stashahada ya uandishi wa habari, akili yote iko kwa Mkapa. Habari ile niliipita kama ninavyopita tangazo la mnada. Nilikuja kumjua baadaye, na nilipomjua nikaona aibu. Yule hakuwa mtalii tu. Alikuwa Aleksander Doba, mhandisi mstaafu kutoka Poland, mtu aliyevuka Bahari ya Atlantiki mara tatu, peke yake, kwa kayaki, kwa nguvu za mikono yake.

Mara tatu. Ya kwanza akiwa na miaka 64. Ya tatu akiwa na 70.

Mashabiki wenzangu, najua unachowaza: mzee alikuwa na mapafu ya farasi. Hapana. Ukiifuatilia safari yake kwa makini, utaona mapafu yalikuwa sehemu ndogo sana. Mechi ile aliishinda nchi kavu, kabla filimbi haijapulizwa.

KAFI SIYO KASIA

Kwanza tuelewane. Wazee wa pwani wanaijua tofauti hii vizuri. Kasia limefungwa ubavuni mwa chombo na mpigaji hukaa kaipa mgongo safari. Kafi linashikwa mikononi, halijafungwa popote, na mpigaji anatazama mbele. Kuvuka Atlantiki kwa makasia peke yako ni jambo lililoanza zamani. Mwingereza John Fairfax alilifanya mwaka 1969, akitumia siku 180 kutoka Visiwa vya Canary hadi Florida.

Kwa kafi habari ni nyingine. Wajerumani wawili, Franz Romer mwaka 1928 na Hannes Lindemann mwaka 1956, walivuka kwa mitumbwi ya aina ya kayaki, lakini walikuwa na tanga. Mwaka 2001 Mwingereza Peter Bray alivuka bila tanga kutoka kisiwa cha Newfoundland hadi Ireland. Doba akataka kitu kigumu zaidi: bara hadi bara, bila tanga, bila injini. Afrika hadi Amerika Kusini.

Oktoba 26, 2010 aliingia majini Dakar, Senegal. Februari 2, 2011 akagusa nchi kavu Acaraú, Brazil. Siku 99, kilomita 5,394.

Tuziweke siku hizo kwa lugha yetu. Siku 99 ni sawa na mechi 1,584 za dakika 90 zilizounganishwa. Ligi Kuu yenye timu 16 ina mechi 240 kwa msimu. Chukua mechi zote za misimu sita, zipange mfululizo, na chenji bado inabaki. Hakuna mapumziko, hakuna sub, hakuna daktari wa timu anayekimbia na begi lake.

KIPIGO CHA KWANZA

Kabla ya Dakar kulikuwa na Ghana. Mwaka 2004 Doba na mwenzake, kila mmoja na kayaki yake, waliondoka pwani ya Ghana kwenda Amerika Kusini. Hawakumaliza hata siku mbili. Bahari iliwarudisha ufukweni.

Hapo ndipo timu nyingi hukosea. Ukifungwa nyumbani mechi ya kwanza, mashabiki tunataka kocha aondoke, uongozi unakimbilia dirisha la usajili, na msimu unaofuata mnarudi na makosa yaleyale yenye jezi mpya. Mzee hakurudi na kayaki ileile akitegemea kupiga kafi kwa nguvu zaidi. Alikaa miaka sita. Katika miaka hiyo aliendelea kucheza mechi za kujipima, ikiwemo kulizunguka Ziwa Baikal kule Urusi mwaka 2009. Na alitafuta chombo kingine.

Chombo hicho kilijengwa jijini Szczecin na nahodha na mjenzi wa mashua Andrzej Armiński. Kikaitwa Olo. Urefu mita saba, upana mita moja. Goli la soka lina upana wa mita 7.32, kwa hiyo ukikilaza kwenye mstari wa goli, kinabakiza sentimita 32 tu kati ya nguzo na nguzo. Humo ndimo mtu ataishi miezi mitatu.

Sifa yake kubwa haikuwa kasi. Ilikuwa ni kwamba hakizami, na kikipinduliwa na wimbi kinajigeuza chenyewe. Kina kijichumba cha kujilaza, ambacho huwezi kusimama ndani yake, na mlango wa kujifungia dhoruba ikija. Yaani mtu aliyejenga kile chombo hakujiuliza "kitapinduka?" Alijua kitapinduka. Alijiuliza "kikishapinduka, itakuwaje?" Maandalizi yote ya kuvuka bahari peke yako yamekaa kwenye swali hilo.

MAJI, JUA NA USINGIZI

Chukua maji ya kunywa. Huwezi kubeba ya miezi mitatu, kayaki itakuwa pipa. Na ya bahari ukinywa yanakukausha zaidi, maana figo zinahitaji maji mengi kuitoa ile chumvi kuliko uliyoyapata. Kwa hiyo wasafiri wa aina hii hubeba mashine ya kuchuja chumvi inayotumia umeme wa sola. Halafu hubeba na nyingine ya kupampu kwa mkono. Kwa nini mbili? Kwa sababu ya umeme itaharibika siku moja, na siku hiyo huwezi kumpigia fundi.

Ndivyo ilivyo kwa kila kitu. Simu ya setilaiti na kifaa cha kuonyesha ulipo. Taa ya kuonekana na meli usiku. Chakula kilichokaushwa ambacho kinasubiri maji tu, halafu vitu vya kutafuna pale jiko likigoma. Kila kifaa muhimu kina mwenzake benchi.

Mwili nao una maandalizi yake. Chumvi ikikaa kati ya nguo na ngozi inachubua, inatoa vipele, vidonda haviponi. Mzee alitatua hilo bila haya: katikati ya bahari alikuwa anapiga kafi bila nguo. Nani wa kumwona? Kupungua uzito nako kunakuwa kwenye hesabu tangu mwanzo. Alipofika Brazil alikuwa amepoteza zaidi ya kilo 10.

Kinachouma kuliko vyote ni usingizi. Ukiwa peke yako hakuna wa zamu. Ukilala, chombo kinakwenda kunakotaka upepo na mkondo. Unaweza kupiga kafi kutwa nzima, ukaamka asubuhi na kukuta umerudi nyuma ya pale ulipoanzia jana. Ni kama unaongoza 2-0 mpaka mapumziko, unatoka chumbani kipindi cha pili, ubao unasoma 0-0 na mwamuzi anakwambia endelea. Wastani wa Doba kwenye safari ya kwanza ni kama kilomita 54 kwa siku. Haifiki hata Dar mpaka Bagamoyo. Mtu asiyejiandaa kichwani anaweza kuwa na misuli yote ya dunia, siku ya tano akalia.

RATIBA NAYO NI MCHEZAJI

Mababu wa pwani hii hawakuwahi kushindana na upepo. Majahazi ya Oman yalikuja na kaskazi, yakasubiri, yakarudi na kusi. Doba alikuwa na akili hiyohiyo. Kwenda Brazil aliondoka Dakar mwishoni mwa Oktoba, pale Afrika inapochomoza kuelekea magharibi, upepo wa kaskazini-mashariki ukimsukuma mgongoni. Mwaka 2013 aliondoka tena Oktoba, safari hii Lisbon, Ureno, akielekea Florida. Huko usukani uliharibika kwenye dhoruba, ikabidi aingie Bermuda kutengeneza, na akafika Aprili 2014. Mwaka uliofuata wasomaji wa National Geographic wakampigia kura kuwa msafiri bora wa mwaka.

Safari ya tatu ilikuwa kinyume, Marekani kwenda Ulaya, huku kaskazini kwenye baridi na dhoruba. Ratiba ikageuka, akapanga kuanza Mei.

Sasa sikiliza hii. Mwaka 2016 aliondoka New York, miaka 69. Hata hajafika bahari kuu, upepo ukamtupa ufukweni New Jersey, mawimbi yakaibiringisha kayaki kwenye mchanga, vifaa vikaharibika. Watu walikuwa wamekuja kumuaga, kamera zimepiga picha, nchi yake inamtazama. Angeweza kukaza, kurekebisha haraka haraka na kurudi majini ili asichekwe. Hakufanya hivyo. Aliahirisha mwaka mzima.

Kwangu mimi huo ndio uamuzi mkubwa kuliko zile siku 99. Mara ngapi tumeona straika mwenye nyama iliyochanika anachomwa sindano acheze dabi kwa sababu mashabiki tunataka, halafu anakaa nje miezi minane? Mzee wa miaka 69, ambaye kila mwaka kwake una thamani kuliko wa kwetu, alikubali kuupoteza mmoja. Mei 2017 akarudi. Septemba 3, 2017, siku sita kabla ya kutimiza miaka 71, akafika Le Conquet, Ufaransa. Siku 110.

SASA KILIMANJARO

Msomaji mbishi ataniuliza: kama maandalizi ndiyo kila kitu, mbona mlima ulimchukua?

Swali ni la haki na sitalikwepa. Baharini Doba alikuwa kwenye usawa wa sifuri, hewa tele, adui ni wimbi na upweke. Mlimani adui ni hewa yenyewe. Pale juu ya Uhuru, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Kigamboni. Ndiyo maana waongozaji wetu hawachoki kusema "pole pole": mwili unahitaji siku kuzoea, na hata ukizoea hakuna aliyewahi kusaini mkataba na mlima. Wamekwama huko vijana wa mazoezi, wamepita wazee. Rekodi ya Atlantiki haihamishiki kwenda mlimani, kama ambavyo mabao 20 ya ligi ya ndani hayakupi bao hata moja ugenini Cairo.

Maandalizi hayakuhakikishii ushindi. Yanakupa haki ya kuingia uwanjani, na yanakufundisha lini usiingie. Doba alijua hivyo vyote viwili kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Kayaki aliianza mwaka 1980, sijazaliwa. Ghana ilimfundisha, New Jersey ikamfundisha tena, na kila mara alirudi kama mwanafunzi.

Wiki chache zijazo timu zetu zitaingia kambini kujiandaa na msimu. Tutabishana kuhusu nani kasajiliwa, jezi ipi kali, nani atavaa namba 10. Hakuna atakayeuliza beki wa kulia akiumia dakika ya 10 ugenini nani anaingia, na amefanya mazoezi ya hilo mara ngapi. Mzee wa kayaki angeuliza hilo kwanza.

Tarehe 23 Februari tutaendelea kuikumbuka, na ni halali yetu. Ila ikifika, anza na ya 22. Kuna bingwa alimalizia mechi yake ya mwisho kwenye ardhi yetu, na wengi wetu hatukujua hata kama anacheza.